Kutoa dawa na vifaa vya utafiti: mwongozo wa dirishani, toka boksi linapofika mpaka chupa inaporudi

Chupa iliyotoka dirishani na vidonge 35 ikirudi na 5, una hakika ya jambo moja tu: vidonge 30 havimo kwenye chupa. Vilikwenda wapi, chupa haisemi.

Naanza na hilo kwa sababu limeshaugharimu utafiti mkubwa uliofanyika huku kwetu. FEM-PrEP iliandikisha wanawake 2,120 Kenya, Afrika Kusini na Tanzania kupima kidonge cha kila siku cha kukinga VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Washiriki walipoulizwa, 95% walisema wanakunywa dawa kama kawaida. Vidonge vilipohesabiwa, ikaonekana dawa imenywewa siku 88 katika kila 100. Damu ilipopimwa, waliokutwa na dalili ya kumeza kidonge siku za karibuni hawakufika 40%. Utafiti wa VOICE, wa wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, uliangukia shimo hilo hilo: hesabu ya vidonge ilikaribia 90%, damu ikasema chini ya theluthi. Wanawake wenyewe walikuja kueleza katika mahojiano ya baadaye. Wengine walimwaga vidonge kabla ya kuja kliniki. Wengine waliogopa kuonekana na chupa inayofanana na ya ARV. Wengine walihofu kutolewa kwenye utafiti wakisema kweli.

Kwa hiyo mfamasia, fundi dawa sanifu au muuguzi unayekabidhiwa dirisha la dawa za utafiti una kazi mbili. Ya kwanza ni makaratasi: kila kidonge kijulikane kilipoingia, kilipotoka na kilipoishia. Ya pili ni kumfanya mshiriki aweze kukuambia ukweli bila kuogopa. Ya kwanza inafundishika kwa wiki mbili. Ya pili ndiyo inayochukua miaka, na mkaguzi hana fomu ya kuipima.

Kabla ya kugusa boksi

Hakikisha vibali vimo kwenye faili na hujaambiwa tu kwamba "vipo". Kwa Tanzania Bara ni idhini ya maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), idhini ya utafiti kutoka TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kibali cha kuingiza dawa hiyo nchini. TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka mwaka 2019, inasimamia vifaa tiba pia, hivyo usidhani kipima sukari cha utafiti kinapita bila kuulizwa. Kenya utashughulika na Bodi ya Famasia na Sumu, kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Kisha tafuta jina lako kwenye orodha ya mgawanyo wa majukumu. Mtafiti mkuu ndiye mwenye dhamana ya dawa zote kituoni. Wewe unaishika kwa niaba yake, na ruhusa hiyo inaanza siku aliyosaini yeye. Ukitoa dawa tarehe 4 na saini yake ikasoma tarehe 6, umetoa dawa bila ruhusa, hata kama alikutuma kwa mdomo mbele ya watu kumi.

Soma protokali, yaani mpango rasmi wa utafiti, na mwongozo wa famasia wa utafiti huo. Najua protokali ina kurasa mia na ushee. Anza na jedwali la mahudhurio, sura ya dawa, na sehemu ya kupunguza au kusimamisha dozi. Mengine utayarudia ukiwa na chai.

Boksi linapofika

Kitu cha kwanza kutazama ni kifuatilia joto kilichomo ndani, kabla hata ya kuhesabu. Kizime kwa namna iliyoelekezwa, pakua takwimu zake, chapisha. Kama joto lilitoka nje ya kiwango, dawa zote zinakwenda karantini: rafu au boksi la peke yake, lebo nyekundu ya USITUMIE, joto lile lile linalotakiwa. Watu wengi hukosea hapa. Wanaitenga dawa ya friji kwa kuiacha mezani, wakisema "si imeshaharibika?" Bado hujui kama imeharibika. Mdhamini, yaani kampuni au taasisi inayobeba utafiti, ndiye atakayeamua, na atajibu kwa maandishi. Mpaka jibu lije, itunze kama nzima na usimpe mtu.

Baada ya joto, hesabu. Linganisha hati ya mzigo na kilichomo: jina au alama ya dawa, namba ya bechi, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya kila chupa au boksi, na kwa vifaa namba ya utambulisho ya kila kimoja. Chupa iliyofungwa kwa lakiri usiifungue ili kuhesabu vidonge, unahesabu chupa. Ingiza kwenye leja siku hiyo hiyo. Thibitisha kwenye mfumo wa kompyuta wa utafiti kwamba umepokea, kwa sababu usipothibitisha mfumo utaona stoo yako tupu, na asubuhi mshiriki amekaa kwenye benchi utaambiwa hakuna chupa ya kumpa wakati zimejaa nyuma yako.

Kuhifadhi

Chumba kinafungwa, funguo ni mbili, wenye funguo wanajulikana kwa majina. Dawa za utafiti hazichanganyiki na dawa za hospitali, wala za utafiti mmoja na za mwingine. Friji ya dawa haiweki maji ya kunywa, samaki wala keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

Friji ni nyuzi 2 hadi 8. Watu huogopa joto wakasahau baridi, na baridi ndiyo mwizi wa kimya: insulini iliyoganda, au chanjo yenye chumvi ya alumini iliyoganda, inaweza isionyeshe kosa lolote usoni ikishayeyuka, lakini imekwisha. Usisukume maboksi yakagusa ukuta wa nyuma wa friji. Soma joto asubuhi na jioni pamoja na kiwango cha juu na cha chini tangu usomaji uliopita, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Karatasi ya joto yenye 5.0 mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja haimdanganyi mkaguzi yeyote.

Umeme ukikatika, mpango uwe umebandikwa ukutani: nani anaitwa, jenereta inawashwa na nani, mafuta yapo wapi, baada ya dakika ngapi dawa zinahamishiwa kwenye boksi la baridi. Nimewahi kufika kituoni Jumatatu nikakuta jenereta nzima, mafuta yamo, ila mlinzi wa zamu hakuwa na ufunguo wa chumba cha jenereta. Tangu siku hiyo ufunguo wa ziada ukawa kwa mlinzi, na jambo hilo likaandikwa kwenye mpango.

Mshiriki akiwa dirishani

Dawa haitoki kwa maneno ya "mpe tu dawa yake, daktari amemaliza". Inatoka kwa karatasi ya maagizo ya utafiti iliyosainiwa na mtu aliyeruhusiwa kuagiza. Ikiwa ni mara ya kwanza, hakikisha fomu ya ridhaa imesainiwa kabla, na tarehe zinafuatana: ridhaa, vipimo, kustahili, kupangiwa kundi (la dawa inayopimwa au la kulinganishia), dawa.

Kisha mtambue mshiriki. Kwenye pwani yetu siku moja unaweza kupokea akina Fatuma Juma wawili, mmoja wa Kaole na mmoja wa Dunda, na wote wakaitika ukiita. Usiite jina ukangoja kuitikiwa. Mwombe kadi yake ya utafiti, akutajie mwenyewe jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na namba ya mshiriki. Kadi yenye picha husaidia pale dada mtu anapokuja "kumchukulia" mwenzake. Hana nia mbaya. Nyumbani ndivyo dawa zinavyochukuliwa. Mweleze kwa upole kwamba utafiti hauruhusu isipokuwa protokali imesema.

Mfumo utakupa namba ya chupa. Soma namba hiyo kwa sauti, namba yote, na mwenzako aisome kwenye chupa. Usisome tarakimu tatu za mwisho. Chupa 10437 na 10473 zinaweza kuwa makundi mawili tofauti, na kosa hilo halifutiki: mshiriki akishameza, amemeza. Watu wawili, saini mbili, kabla chupa haijavuka dirisha.

Weka lebo, kata kipande kinachobaki kwenye fomu, andika tarehe, kiasi, bechi, na nani ametoa. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, andika sahihi pembeni, weka herufi zako na tarehe. Tipeksi isionekane kabisa kwenye chumba hicho.

Maelezo ya dozi, na mtego wa saa

Hapa nitakaa kidogo, maana miongozo inayotoka ng'ambo haina habari ya jambo hili.

Lebo nyingi huja zimeandikwa 08:00 na 20:00. Mpe mtu aliyezoea saa zetu lebo ya 08:00, atasoma saa nane, na saa nane ni mchana. Atakunywa dozi ya asubuhi saa nane mchana kwa nia njema kabisa, na wewe utashangaa kwa nini damu iliyochukuliwa asubuhi ina dawa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Tafsiri ya lebo iandike "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku". Vivyo hivyo "mara mbili kwa siku" peke yake haitoshi kama protokali inataka zipite saa 12 kati ya dozi na dozi. Wapo watakaokunywa asubuhi na mchana kwa sababu jioni wako shambani au baharini. Funga dozi kwenye kitu kinachotokea kila siku nyumbani kwake: kabla ya kutoka kwenda kazini, baada ya kula usiku.

Ramadhani ukiiona inakaribia kwenye kalenda, anza kuuliza mwezi mmoja kabla. Usimwambie mtu afunge wala asifunge. Muulize kama atafunga, na mpeleke kwa daktari wa utafiti aseme kama dozi inaweza kuhamia futari na daku bila kuvunja protokali. Usipouliza atahamisha mwenyewe, na hutaambiwa.

Dawa ya maji pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama ya mililita. Neno "kijiko" lina ukubwa tofauti kila nyumba.

Kuhusu plasebo, ushauri wangu wa lugha: usiiite "dawa bandia". Kwa Kiswahili cha mtaani na cha TMDA yenyewe, dawa bandia ni ile ya walaghai, inayokamatwa na kuteketezwa. Ukimwambia mama kwamba nusu ya washiriki wanapewa dawa bandia, umeutangaza utafiti mzima kijijini kwa jina la utapeli. Sema kidonge kinachofanana na dawa kwa sura lakini ndani hakina dawa.

Malizia kwa kumwomba arudie. Swali la "umeelewa?" lina jibu moja tu kwa heshima yetu, nalo ni ndiyo. Mimi humwambia hivi: "Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza hii dawa inanywewaje, utamwambiaje?" Hapo ndipo utasikia kama alielewa saa 2 usiku, au kama ameelewa vidonge viwili.

Na zungumza naye kuhusu chupa. Ataiweka wapi? Nani atakayeiona? Vidonge vinalia kwenye mkoba ndani ya daladala, na watu wana masikio. Kama mfuko wa khaki au pamba juu ya vidonge itamwondolea aibu, uliza mdhamini kama inaruhusiwa. Kuhamishia vidonge kwenye kopo jingine ndiko kusikofaa: ndani ya chupa kuna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na unyevu wa Tanga au Mombasa wa mwezi wa nne hauna huruma.

Vifaa: kuona siyo kujua

Kifaa kina ugumu wake, kwa sababu mtu anaweza kukitumia kila siku kwa uaminifu wote na asipate dawa hata kidogo. Pampu ya pumu ndiyo mfano bora. Mwonyeshe mara moja ukitumia pampu ya mazoezi isiyo na dawa: tikisa, toa pumzi yote nje, bana midomo kwenye mdomo wa pampu, anza kuvuta taratibu, bonyeza mara moja ukiwa unaendelea kuvuta, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 au kadiri unavyoweza. Halafu mpe yeye. Kaa kimya. Atabonyeza kwanza ndipo avute, na utaona moshi mweupe ukimtoka puani. Rudia naye mpaka apatie mara mbili mfululizo, na andika kwamba alionyesha mwenyewe. Kwenye hudhurio linalofuata anza upya, maana ufundi huo hupotea ndani ya wiki chache.

Akipewa kopo la kuvutia, lile la plastiki linaloungwa na pampu, mwambie alioshe kwa maji ya sabuni kidogo na aliache likauke lenyewe. Ukilifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme tuli, na dawa inaganda ukutani badala ya kwenda kifuani. Usafi wa mama zetu ndio unaoharibu hapa. Kila mtu anataka king'ae.

Kipima sukari: andika namba ya kifaa mbele ya namba ya mshiriki, na wahi kukagua kabla hakijatoka. Betri, tarehe na saa vimewekwa sawa, kimejaribiwa kwa maji ya kupimia. Saa ikiwa imekosewa, vipimo vyote vya miezi mitatu vitasoma usiku wakati ni mchana, na hakuna wa kuvirekebisha. Kichupa cha vitepe vya kupimia kiandikwe tarehe ya kufunguliwa, kifungwe mara tu anapotoa kitepe. Mpe na kopo gumu la kutupia sindano, na mwambie lirudi likifika robo tatu.

Kalamu ya insulini huleta swali la friji ambayo haipo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, yaliyoonyesha insulini ikibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Ni habari njema kwa wagonjwa wengi wanaotumia chungu chenye maji. Lakini dirishani kwako protokali ndiyo inayosema, na kama protokali inataka friji, basi mpango wa friji wa mshiriki huyo ujulikane kabla hajapewa kalamu ya kwanza.

Kifaa kikiharibika, hata kama hakuna aliyeumia, hilo linaripotiwa. Usimbadilishie kimya kimya ukakitupa kile kibovu. Kitenge, kifunge, andika kilichotokea kwa maneno ya mshiriki.

Kurudi na kuhesabu

Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba kila kitu kinarudi: chupa tupu, vidonge vilivyobaki, pampu iliyokwisha. Na eleza kwa nini, la sivyo atadhani unamdai.

Anapokuja, salamu kwanza. Mzee wa miaka sitini anastahili shikamoo yake kabla ya kuulizwa vidonge. Kisha uliza kabla ya kuhesabu, ukiacha mlango wazi: "Mzee, watu wengi dozi huwapita siku nyingine, safari zikiingia au mtu akichoka. Wewe mwezi huu ilikuwaje?" Ukianza kwa kumwaga vidonge kwenye sinia mbele yake na kuhesabu kwa sauti, umeshamweka kizimbani, na mwezi ujao atakuletea hesabu unayoitaka. Uzuri wa swali la wazi ni kwamba jibu likija "siku nne hivi nilikuwa msibani", hesabu inakuwa kazi ya kuthibitisha tu.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mshiriki alipewa vidonge 35 tarehe 3 Machi, kimoja kila usiku, akaanza usiku huo huo. Amerudi asubuhi ya tarehe 2 Aprili. Usiku zilizopita ni 29 za Machi na 1 wa Aprili, jumla 30. Vingebaki 5. Vimerudi 9. Vilivyotoka ni 26, gawanya kwa 30: ni 86.7%. Kosa la kawaida ni kuhesabu siku ya hudhurio wakati dozi ya siku hiyo bado, au kuchukua 28 kwa sababu jedwali limesema "wiki nne". Hesabu usiku halisi.

Akisahau chupa nyumbani, usiandike kwamba vimerudi 0. Andika havijarudishwa. Tofauti ni kubwa: ukiweka 0, kompyuta itasema amekunywa 35 katika siku 30, yaani 117%, na mtu atapigiwa simu kuulizwa kama amezidisha dozi. Vikirudi baadaye, sahihisha. Vya zamani usimrudishie atumie mpaka mwongozo wa famasia uwe umeruhusu.

Na vikirudi vichache mno kuliko inavyotakiwa? Uliza kama kuna aliyegawiwa. Huku kwetu dawa nzuri hugawiwa; mume ana kikohozi hicho hicho, jirani ana presha hiyo hiyo. Likitokea, mfikishie habari daktari wa utafiti siku hiyo, kwa sababu sasa kuna mtu asiye mshiriki aliyemeza dawa ya utafiti.

Vifaa navyo hudanganya. Marekani, kwenye utafiti wa mapafu uliochapishwa mwaka 1992, pampu ziliwekwa kirekodi kidogo cha muda, na baadhi ya washiriki wakakutwa wamebonyeza zaidi ya mara 100 ndani ya saa tatu, muda mfupi kabla ya hudhurio. Kinyume chake ni pete ya ukeni yenye dapivirini, dawa ya kukinga VVU, kwenye utafiti wa ASPIRE, wa wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Pete ilikuwa na miligramu 25, ikavaliwa mwezi, ikarudi, ikapimwa maabara kilichobaki. Iliyorudi na zaidi ya miligramu 23.5 ilionekana haikuvaliwa. Kwa hiyo kifaa kilichotumika, ambacho wewe unakiona ni taka, pengine ndicho ushahidi pekee. Kioshe, kikaushe, kifunge na kukihifadhi kama ulivyoelekezwa, na namba ya mshiriki iwe juu yake kabla hujashika kingine.

Maswali mawili ya mwisho kabla hajaondoka: kuna jambo lolote mwilini lililobadilika, na kuna dawa nyingine yoyote aliyotumia. "Dawa nyingine" taja kwa majina: panadol, dawa ya duka la dawa muhimu, mitishamba, muarobaini. Ukiuliza kwa jumla atasema hakuna, maana muarobaini kwake ni chai. Akitaja kulazwa au jambo zito, usingoje; kwa kawaida taarifa ya tukio kubwa inatakiwa kumfikia mdhamini ndani ya saa 24 tangu kituo kilipojua, na kituo kimeshajua pale ulipojua wewe.

Kufichwa kwa makundi

Kama utafiti unaficha nani yuko kundi gani, uso wako nao ni sehemu ya kuficha. Mshiriki akikuambia "nahisi hii yangu ndiyo yenyewe, maana nimepona", usitabasamu kwa kujua, wala usiseme "huenda". Sema hata wewe hujui, ikiwa kweli hujui. Ikiwa wewe ndiye unayejua, basi usiwe wewe unayemhoji madhara wala kumpima.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa utafiti wa awamu ya tatu, kuanzia 2009 hadi 2014, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya kati ya 11 vya Afrika, chanjo zilizolinganishwa hazikufanana kwa sura. Aliyeandaa na kuchoma hakushiriki kutathmini watoto, na bomba la sindano lilizungushiwa lebo isiyopenya mwanga ili rangi ya kilichomo isionekane. Ndivyo inavyotakiwa: usitegemee watu kufumba macho, funika kitu.

Kufichua kundi kwa dharura ni uamuzi wa daktari, na ni pale tu matibabu yatabadilika kwa kujua. Udadisi wa ndugu, au wa bosi, hauingii humo. Ikifanyika, andika saa, sababu na nani amejua, kisha wengine wabaki hawajui.

Kufunga

Utafiti ukiisha, hesabu ya mwisho lazima ikubali: vilivyopokelewa ni sawa na jumla ya vilivyotolewa, vilivyobaki stoo, vilivyoharibika na vilivyorudishwa kwa mdhamini. Kikikosekana kidonge kimoja kati ya elfu arobaini, usikitafutie pa kukificha, andika maelezo. Mfuatiliaji wa mdhamini atazoea kituo chenye kasoro ndogo zilizoandikwa, na atakitilia shaka kile kisicho na kasoro hata moja.

Kuteketeza hakufanyiki kienyeji nyuma ya hospitali. Kunahitaji ruhusa ya mdhamini kwa maandishi, maombi kwa mamlaka ya dawa, usimamizi wake, na cheti. Kabla ya kwenda kwenye tanuri, ondoa au futa lebo zenye namba za washiriki.

Faili zifungwe na zihifadhiwe kwa miaka iliyotajwa kwenye mkataba, mahali panapojulikana na mtu atakayekuwepo wewe ukishahama. Na acha dirishani tangazo lenye namba ya simu inayopokelewa. Miezi mitatu baada ya kufunga atakuja mtu kutoka mbali na mfuko wa rambo, ndani yake chupa mbili na pampu moja, akisema alikuwa kwa binti yake Morogoro. Msalimie, pokea, hesabu, andika waraka wa tarehe hiyo uingie kwenye faili, mjulishe mdhamini, na mrudishie nauli yake kama utafiti ulivyomwahidi.